Kugawa haki kwenye kanzidata ya SACCOS: vikundi, majukumu na watumiaji katika PostgreSQL

Chini ya kibodi ya keshia kulikuwa na kipande cha karatasi kilichobandikwa kwa selotepu. Kiliandikwa neno moja tu: nywila ya `postgres`, akaunti kuu kabisa ya kanzidata nzima. Watu watano walikuwa wanaitumia kila siku, kuanzia anayepokea amana dirishani mpaka meneja. Niliitwa pale kwa sababu salio la mkopo wa mwanachama mmoja lilikuwa limebadilika na hakuna aliyejua nani kalibadilisha. Nikafungua kumbukumbu za seva. Kila mstari, wa asubuhi na wa jioni, ulisema `postgres`.

Aliyeshukiwa ni keshia, binti wa miaka ishirini na kitu, kwa kuwa ndiye aliyekuwa mgeni kazini. Hakukuwa na ushahidi dhidi yake, na yeye hakuwa na chochote cha kuonyesha ili ajitetee. Tangu siku ile, nikipanga haki za watumiaji huwa naanzia hapo: akaunti ya kila mtu na ya kwake, yenye haki za kazi yake tu, inalinda fedha za wanachama na inamkinga mfanyakazi asibebeshwe mzigo wa mwingine.

Mwongozo huu ni wa anayesimamia kanzidata ya PostgreSQL kwenye chama kidogo cha akiba na mikopo. Wa zahanati au shule atabadilisha majina ya majedwali tu. Nimechukulia kwamba una toleo la 14 au la juu zaidi.

Hatua ya 1: anza na karatasi

Usifungue kompyuta kwanza. Kaa na kila mfanyakazi umuulize anafanya nini tangu anapofungua ofisi mpaka anapofunga. Andika kazi, usiandike majina. Watu huhama, huenda likizo, hupandishwa vyeo. Kazi ya keshia inabaki kazi ya keshia. Wazo hili si langu: mwaka 1992 David Ferraiolo na Richard Kuhn wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ndio waliopendekeza rasmi kwamba haki zifungwe kwenye jukumu na mtu apewe jukumu. Kabla yao, mwaka 1975, wataalamu wa kompyuta Saltzer na Schroeder walikuwa wameshaandika kwamba kila mtumiaji apewe haki chache kadiri inavyotosha kumaliza kazi yake.

Kwenye SACCOS niliyoizungumzia tulipata haya:

- keshia: anaona mwanachama na salio lake, anaingiza amana na malipo
- afisa mikopo: anaingiza maombi ya mikopo, anasahihisha simu na anwani
- mhasibu: anaona miamala yote, anaingiza miamala ya marekebisho
- meneja: anaona kila kitu, anaidhinisha au kukataa mkopo
- mkaguzi: anaona kila kitu, hagusi chochote

Kisha pigia mstari kazi mbili zisizotakiwa kukutana mkononi mwa mtu mmoja. Anayeingiza ombi la mkopo asiliidhinishe. Hili lijadiliwe kwenye karatasi, maana likifika kwenye amri limechelewa.

Sehemu ngumu huwa ni meneja. Wengi wanaona kunyimwa haki fulani ni kushushwa hadhi. Mimi huwa nasema hivi: "Mzee, ukipewa uwezo wa kufuta muamala, siku hela ikipotea wewe ndiye wa kwanza kuulizwa. Ukiwa huna uwezo huo, hakuna wa kukuuliza." Yule meneja alinyamaza kidogo, akasema, "Basi niondolee." Sijawahi kuhitaji hoja nyingine.

Hatua ya 2: elewa PostgreSQL inavyomuona mtu na kikundi

Tangu toleo la 8.1 la mwaka 2005, PostgreSQL haitofautishi mtumiaji na kikundi. Vyote ni kitu kimoja, ambacho amri zake hukiita `ROLE` na mimi nitakiita jukumu. Jukumu lenye `LOGIN` linaweza kuingia, kwa hiyo tunalitumia kama mtu. Lisilo na `LOGIN` tunalitumia kama kikundi. Jukumu moja likiwa mwanachama wa jingine, linarithi haki zake.

Jambo la kukumbuka: majukumu ni ya seva nzima. Ukiunda `keshia` kwa ajili ya kanzidata ya `saccos`, ataonekana pia kwenye kanzidata ya majaribio iliyoko kwenye seva hiyohiyo. Haki zake juu ya majedwali ndizo zinazokaa ndani ya kanzidata husika.

```
CREATE ROLE mwenye_saccos NOLOGIN;
CREATE ROLE keshia NOLOGIN;
CREATE ROLE afisa_mikopo NOLOGIN;
CREATE ROLE mhasibu NOLOGIN;
CREATE ROLE meneja NOLOGIN;
CREATE ROLE mkaguzi NOLOGIN;
```

`mwenye_saccos` ndiye mmiliki wa majedwali. Mmiliki ana haki zote juu ya anachokimiliki, hivyo asiwe mtu wa kuingia na nywila. Hamisha jedwali mojamoja kwa `ALTER TABLE miamala OWNER TO mwenye_saccos;`. Usijaribu njia ya mkato ya `REASSIGN OWNED BY postgres`. Mfumo utakataa, kwa sababu `postgres` anamiliki pia vitu ambavyo kanzidata yenyewe inavitegemea.

Hatua ya 3: funga milango kabla ya kugawa funguo

Kuna jukumu lisiloonekana kwenye orodha, `PUBLIC`, ambalo kila mtu yumo. Kwa kawaida linaruhusu yeyote mwenye akaunti kwenye seva kuunganika na kanzidata yako. Liondolee haki hiyo (`REVOKE` huondoa haki, `GRANT` huitoa):

```
REVOKE ALL ON DATABASE saccos FROM PUBLIC;
REVOKE CREATE ON SCHEMA public FROM PUBLIC;
GRANT CREATE ON SCHEMA public TO mwenye_saccos;
GRANT CONNECT ON DATABASE saccos
  TO keshia, afisa_mikopo, mhasibu, meneja, mkaguzi;
```

Mstari wa pili una historia yake. Mpaka toleo la 14, mtu yeyote aliyeweza kuunganika aliweza pia kuunda majedwali ndani ya `public`, yaani skima (sehemu ya kanzidata) ambamo majedwali huwekwa kwa kawaida, si lile jukumu la `PUBLIC`. Toleo la 15 la mwaka 2022 liliondoa ruhusa hiyo, ila kwa kanzidata mpya tu. Ukipandisha toleo la kanzidata ya zamani, au ukirejesha nakala rudufu yake, ruhusa ya zamani inakuja nayo. Nimeona seva ya toleo la 16 ambayo mlango huu ulikuwa wazi kabisa na msimamizi anaamini umefungwa. Andika mstari huo hata kama unadhani hauhitajiki.

Hatua ya 4: gawa haki kwa kazi

Hapa ndipo pa kutulia. `SELECT` ni kusoma, `INSERT` ni kuingiza, `UPDATE` ni kubadilisha, `DELETE` ni kufuta. Tuanze na keshia:

```
GRANT SELECT (namba, jina, simu) ON wanachama TO keshia;
GRANT SELECT ON salio_la_akaunti TO keshia;
GRANT SELECT, INSERT ON miamala TO keshia;
```

Kwenye mstari wa kwanza nimetaja safu tatu tu. Jedwali la `wanachama` lina pia namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa), jina la mrithi na mshahara, na keshia hahitaji lolote kati ya hayo ili apokee amana. Hizo ni taarifa binafsi za watu, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, kama Kenya ilivyo na yake tangu 2019. Angalia mtego mmoja: ukishatoa `SELECT` ya jedwali zima, kuondoa safu moja baadaye hakubadilishi kitu. Ondoa ya jedwali zima kwanza, ndipo utoe safu kwa safu. Na keshia akiandika `SELECT *` atakataliwa. Lazima ataje safu zake.

`salio_la_akaunti` si jedwali, ni mwonekano unaojumlisha miamala. Salio halihifadhiwi popote, kwa hiyo hakuna pa kwenda kulibadilisha.

Ukiona `INSERT` inakataliwa kwa malalamiko kuhusu `miamala_id_seq`, maana yake safu ya namba iliundwa kwa `serial`, nayo inadai haki yake: `GRANT USAGE ON SEQUENCE miamala_id_seq TO keshia;`. Safu iliyoundwa kwa `GENERATED AS IDENTITY` haina usumbufu huo.

Tazama pia ambacho hakipo: hakuna `UPDATE` wala `DELETE` kwenye `miamala`, si kwa keshia, si kwa mhasibu, si kwa meneja. Mhasibu aliyefundwa vizuri hafuti kwenye leja. Akikosea anaandika muamala mwingine unaobatilisha ule wa kwanza, na vyote viwili vinabaki vikisomeka. Kanzidata ifuate adabu hiyohiyo.

Sasa mikopo, ambako ndiko tulikoumia:

```
ALTER TABLE mikopo
  ADD COLUMN aliyeingiza text DEFAULT session_user,
  ADD COLUMN aliyeidhinisha text,
  ADD CHECK (aliyeidhinisha <> aliyeingiza);

GRANT SELECT ON mikopo TO afisa_mikopo, meneja;
GRANT INSERT (namba_mwanachama, kiasi, miezi) ON mikopo TO afisa_mikopo;
GRANT UPDATE (hali) ON mikopo TO meneja;
```

Kama jedwali lina mikopo ya zamani, jua kwamba mstari wa `DEFAULT` utaijaza yote jina lako wewe unayeendesha amri. Ongeza safu bila `DEFAULT` kwanza, kisha uweke `DEFAULT` kwa amri ya pili, ili ya zamani ibaki wazi.

Afisa mikopo anaruhusiwa kujaza safu tatu. Hana haki ya kuandika kwenye `aliyeingiza`, kwa hiyo kanzidata inaijaza yenyewe kwa jina alilotumia kuingia. Hawezi kuandika jina la mwenzake hata akitaka. Meneja naye anagusa `hali` peke yake. Jina lake linawekwa na kichocheo (`TRIGGER`), yaani amri zinazojiendesha zenyewe kila `hali` inapobadilishwa:

```
CREATE FUNCTION weka_mwidhinishaji() RETURNS trigger
LANGUAGE plpgsql AS $$
BEGIN
  NEW.aliyeidhinisha := session_user;
  RETURN NEW;
END $$;

CREATE TRIGGER idhini BEFORE UPDATE OF hali ON mikopo
FOR EACH ROW EXECUTE FUNCTION weka_mwidhinishaji();
```

Nimetumia `session_user` kwa makusudi. `current_user` hubadilika mtu akivaa jukumu jingine kwa `SET ROLE`. `Session_user` hubaki yule aliyeingia mlangoni. Na ile `CHECK` inahakikisha kwamba mtu aliyeshika nafasi mbili kwa muda hawezi kuidhinisha ombi aliloliingiza mwenyewe.

Mhasibu na mkaguzi ni wepesi:

```
GRANT SELECT, INSERT ON miamala TO mhasibu;
GRANT SELECT ON ALL TABLES IN SCHEMA public TO mkaguzi, meneja;
ALTER DEFAULT PRIVILEGES FOR ROLE mwenye_saccos IN SCHEMA public
  GRANT SELECT ON TABLES TO mkaguzi, meneja;
```

`ON ALL TABLES` inahusu majedwali yaliyopo leo. Ya kesho yanashughulikiwa na `ALTER DEFAULT PRIVILEGES`, lakini yale tu yatakayoundwa na jukumu lililotajwa, hapa `mwenye_saccos`. Msimamizi akisahau kuandika `SET ROLE mwenye_saccos` kabla ya kuunda jedwali jipya, mkaguzi hataliona. Kuna jukumu lililotengenezwa tayari tangu toleo la 14, `pg_read_all_data`, linalosoma kila kitu. Silitumii kwa mkaguzi, kwa kuwa linafika mpaka kwenye kanzidata nyingine yoyote anayoweza kuunganika nayo.

Hatua ya 5: waingize watu

```
CREATE ROLE asha LOGIN;
GRANT keshia TO asha;
```

Nywila usiiandike ndani ya amri, maana inaweza kubaki kwenye kumbukumbu za seva. Ndani ya `psql`, dirisha la kuandikia amri za PostgreSQL, andika `\password asha`, umpishe kiti aiweke mwenyewe huku wewe umegeuka.

Mkaguzi wa nje, tuseme anayetoka COASCO, shirika la ukaguzi wa vyama vya ushirika Tanzania, mpe akaunti yenye mwisho: `ALTER ROLE mkaguzi_nje VALID UNTIL '2026-07-01';`. Ujue kwamba tarehe hiyo inaua nywila peke yake. Haimkati aliyekwisha kuingia.

Mtu akimshikia mwenzake likizo atavaa kofia mbili. Kuanzia toleo la 16 unaweza kumpa kofia ya pili bila haki zake kumwagika zenyewe:

```
GRANT mhasibu TO asha WITH INHERIT FALSE, SET TRUE;
```

Asha ataendelea kuwa keshia mpaka aandike `SET ROLE mhasibu`. Siku hiyohiyo unapompa, andika kwenye kalenda ya ukutani siku ya kumwondolea.

Akaunti ya `postgres` yenyewe inapita juu ya haki zote ulizogawa, na hakuna `REVOKE` inayoigusa. Badilisha nywila yake, iandike kwenye karatasi, ifunge kwenye bahasha iliyosainiwa mgongoni na watu wawili, iingie kwenye sefu. Msimamizi awe na akaunti yake kwa kazi za kila siku.

Kama wafanyakazi wenu wanapitia programu inayounganika kwa akaunti moja, haya yote yanahamia ndani ya programu: nayo inahitaji majukumu yake na kumbukumbu ya nani kafanya nini. Akaunti ya programu isiwe `postgres`, na isiwe mmiliki wa majedwali.

Hatua ya 6: nani aingilie wapi

Faili la `pg_hba.conf`, linaloamua nani aunganike na kutoka wapi, husomwa kutoka juu kwenda chini na mstari wa kwanza unaolingana ndio unaotumika.

```
host     all     postgres  all              reject
hostssl  saccos  +keshia   192.168.1.0/24   scram-sha-256
hostssl  saccos  +meneja   192.168.1.0/24   scram-sha-256
```

Alama ya `+` ina maana ya kila aliyemo kwenye kikundi, kwa hiyo huhitaji kuja hapa kila anapoajiriwa mtu. Ongeza mistari ya vikundi vilivyobaki. `hostssl` inataka `ssl`, yaani usimbaji wa mawasiliano, iwe imewashwa kwenye seva. Hakikisha upo mstari wa `local` unaokuruhusu kuingia ukiwa kwenye seva yenyewe, kisha soma upya mipangilio kwa `SELECT pg_reload_conf();`.

Washa na kumbukumbu kwenye faili la `postgresql.conf`, kisha usome upya mipangilio tena: `log_connections = on`, `log_statement = 'mod'`, na `log_line_prefix = '%m %u %d %h '`. Hapo kila badiliko litaandikwa na saa, jina, kanzidata na kompyuta lilikotoka. Faili hizo nazo zitabeba taarifa za wanachama, basi zilindwe vilevile.

Hatua ya 7: jaribu kukataliwa

Watu wengi hujaribu kama keshia anaweza kuingiza amana, wakiona imeingia wanafunga kazi. Jaribu pia kile asichotakiwa kuweza:

```
SET ROLE asha;
DELETE FROM miamala WHERE id = 1;
ERROR:  permission denied for table miamala
RESET ROLE;
```

Mstari ule wa `permission denied` ndio unaoutafuta. Fanya jaribio hili kwenye nakala ya majaribio, isije ikatokea kwamba haki zilikosewa na muamala wa kweli ukafutika. Pitia kila jukumu hivyo. `\dp miamala` itakuonyesha kitu kama `keshia=ar/mwenye_saccos`: `a` ni kuongeza, `r` ni kusoma. Ukiona `w` ni kubadilisha, `d` ni kufuta, na kwenye jedwali hili zisionekane kwa yeyote isipokuwa mmiliki.

Hatua ya 8: anapoondoka

```
ALTER ROLE asha NOLOGIN;
SELECT pg_terminate_backend(pid) FROM pg_stat_activity
  WHERE usename = 'asha';
REVOKE keshia FROM asha;
```

Amri ya pili ni muhimu, maana `NOLOGIN` inamzuia kuingia tena lakini haimtoi aliyeko ndani. Simfuti kwa `DROP ROLE`. Jina lake limo kwenye miamala na mikopo ya miaka yote aliyofanya kazi. Akaunti ibaki imefungwa, na mgeni atakayeitwa Asha apewe jina jingine.

Kila baada ya miezi mitatu

```
SELECT m.rolname AS mtu, g.rolname AS jukumu
FROM pg_auth_members a
JOIN pg_roles m ON m.oid = a.member
JOIN pg_roles g ON g.oid = a.roleid
ORDER BY 1;
```

Chapisha orodha hii kwenye karatasi, iweke pembeni mwa ile ya hatua ya kwanza, mkae na meneja mpitie jina kwa jina, kisha asaini. Nusu saa inatosha.

Kwenye ile SACCOS, mapitio ya tatu yalituonyesha kwamba keshia bado ana jukumu la mhasibu. Alikuwa amemshikia mwenzake likizo ya uzazi, mwenzake akarudi, nasi tukasahau kabisa. Alikuwa ni yule binti wa mwanzo. Kabla sijasema lolote alikuwa ameshaona jina lake kwenye karatasi, akaweka kidole kwenye ule mstari. "Kaka, hii niondolee leo leo," alisema. "Na unipe karatasi inayoonyesha kwamba imeondolewa."

Nilimchapishia ile orodha mpya palepale. Akaikunja akaiweka kwenye mkoba.